Uchovu wa Bibi Mwanja

Kabla milango haijafunguliwa, wabebaji walikaa katika chumba cha nyuma cha Bustani ya Mwamba wakinywa uji wa ulezi, kimyakimya, kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari. Hapakuwa na aliyechoka bado. Walikuwa wakiionja ile asubuhi fupi ambayo miili yao ilikuwa bado yao wenyewe, maana jua likishapanda juu ya mawe makubwa ya Singida, kila mmoja angekuwa amebeba uchovu wa familia nzima.

Asteria aliukumbatia mkebe wake wa uji kwa viganja vyote viwili. Alikuwa na shahada ya sayansi ya neva, na alikuja kuomba kazi hapa akiwa na moyo mweupe kabisa, kwamba atawapa watu siku moja nyepesi katika maisha yao mazito. Bado aliamini hivyo. Ila siku hizi aliamini akiwa ameegemea ukuta.

Salvatory, mpangaji wa siku, aliingia akiwa na kishikwambi mkononi na kalamu sikioni, kalamu ambayo hakuna aliyewahi kumwona akiitumia.

"Asteria, wako hawa. Vizazi vitatu. Bibi, binti yake, na wajukuu wawili. Mmoja ana miaka minne, mwingine kumi na sita. Unaona kazi hiyo?"

"Naona."

"Hao ndio wagumu. Ukimpangia mdogo, mkubwa ananuna. Ukimpangia mkubwa, bibi anaachwa pembeni kulinda mikoba. Na mama mtu anashinda akikimbia huku na huku kuwapatanisha, jioni anarudi nyumbani amechoka kuliko alivyokuja." Salvatory alitabasamu kama fundi aliyemaliza kabati. "Sasa tazama. Asubuhi farasi wa kuzunguka, kwa ajili ya mdogo. Kisha mtelezo wa maji, wote. Chakula. Gurudumu kubwa, bibi aione Singida kutoka juu. Halafu kufunga siku, Treni ya Mwamba. Wote wanne, behewa moja, mikono juu. Hapo ndipo tunapopiga ile picha."

"Na bibi ana umri gani?"

"Mkubwa. Ndiyo maana upo wewe."

*

Getini, bibi mwenyewe ndiye aliyeanza kuchangamka. Alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa gauni la kitenge jipya, na viatu vya raba ambavyo bila shaka vilikuwa vya mjukuu wake.

"Shikamoo, Bibi," Asteria alisema, akimfunga bangili ya kijivu kwenye kifundo cha mkono.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe utakayechoka badala yangu?" Bibi Mwanja alimpima kwa macho toka juu hadi chini. "Mbona mwembamba hivi? Hawa watu wamekupa chai kweli?"

"Wamenipa uji, Bibi."

"Uji! Leokadia, umesikia? Mtoto anabeba watu wanne kwa uji."

"Mama, bwana!" Leokadia, binti yake, alicheka huku akimfuta mtoto pua. Alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha mafuta ya alizeti, na harufu ile ya mbegu zilizokaangwa haikuwa imemwacha hata leo, siku yake ya mapumziko.

Mhudumu wa geti aliuliza swali lake la kila siku: je, kuna mwenye ugonjwa wowote wa kudumu?

"Mimi nina uzee tu," alisema Bibi Mwanja, "na huo si mmeshasema mtaubeba?"

Watu wote kwenye foleni wakaangua kicheko. Hata Hango, yule mjukuu wa miaka kumi na sita aliyekuwa amejificha ndani ya kofia ya jaketi lake, alitoa pua nje akacheka. Mhudumu naye akacheka, akabonyeza alipotakiwa kubonyeza, familia ikaingia.

Asteria aliwasha bangili yake mwenyewe, ambayo ilikuwa nyeusi na nzito zaidi ya zao. Akavuta pumzi, akasubiri mizigo imfikie.

Ilifanya kazi hivi. Mwili wa mtu ukitumika, hupeleka habari kwenye ubongo kwamba sasa basi, pumzika. Bangili ya kijivu ilizinasa habari hizo njiani kabla hazijafika, na bangili nyeusi ikazifikisha kwa mtu mwingine. Misuli ya mgeni ilichoka vilevile, moyo wake ulipiga vilevile. Kilichohama ni habari tu. Wavumbuzi wa mwanzo walikuwa wameridhika kuizima habari hiyo isiende kokote. Kisha ikatokea kwamba dereva mmoja wa lori, katika majaribio, aliendesha usiku na mchana mpaka akafia juu ya usukani, na waliomkuta walisema alikuwa akitabasamu. Baada ya hapo sheria ikatungwa: uchovu wa mtu hauruhusiwi kuzimwa bila kuwapo mtu mwingine wa kuusikia. Huyo ndiye mbebaji. Sheria ilimtaka awe mlinzi, mtu wa kusema "inatosha." Lakini katika bustani hii watu walikuwa wameshaanza kumtazama kama toroli.

Na kwa kuwa hakuna mgeni aliyechoka, mabenchi yaliondolewa yote, yakapandwa maua mahali pake.

*

Uchovu wa watu haufanani. Asteria alikuwa amejifunza hili kwa mwili wake, hakuna kitabu kilichowahi kumwambia.

Wa Monika, yule mdogo, haukuwepo kabisa asubuhi nzima. Alipanda farasi wa kuzunguka, akashuka, akapanda tena, akamtafutia kila farasi jina, na hakuna kilichomfikia Asteria zaidi ya joto kidogo miguuni. Ila alijua kwamba uchovu wa watoto haushuki ngazi kwa ngazi, huporomoka kama ukuta. Wa Hango ulikaa nyuma ya macho, mchanga mchanga, uchovu wa kijana anayelala alfajiri na simu kifuani. Wa Leokadia ulikuwa umekunjwa vizuri kama nguo za kabatini: mabega, kiuno, nyayo, kila kitu mahali pake, na chini ya yote zamu za miaka ambazo hakuna aliyewahi kumsaidia kuzikunja.

Na wa Bibi Mwanja.

Asteria alikuwa amebeba wazee wengi. Uchovu wao hukaa magotini na kiunoni, mpole, kama mgeni aliyezoea nyumba. Wa Bibi Mwanja ulikuwepo pale pia, lakini chini yake palikuwa na kingine, kilichotoka upande wa kushoto wa kifua, baridi, kikapanda hadi kwenye taya. Asteria alidhani ni wa kupanda kile kilima cha kuelekea kwenye mtelezo wa maji. Akangoja upungue. Bibi akaketi kwenye boya la mpira pamoja na Monika, maji yakawabeba taratibu, bibi akawa hafanyi lolote ila kucheka na kurusha maji kwa vidole. Uchovu wa kawaida, mtu akitulia, hupungua. Huu ulizidi kupanda.

Asteria alisimama kwenye ukingo wa mfereji, kiganja kimeshika kifua chake mwenyewe kama aliyepoteza kitu mfukoni.

"Kaka Salva," alisema kwenye kidude cha sikioni. "Huyu bibi hayuko sawa."

"Taa yako ina rangi gani?"

Aliitazama bangili. "Njano."

"Basi mko sawa."

"Kaka, taa hii inanipima mimi. Haimpimi yeye."

"Ndiyo. Na wewe uko sawa." Salvatory alisikika akivuta kiti. Aliporudi, sauti ilikuwa ya chini zaidi. "Sikiliza. Kumrudishia mgeni uchovu wake ni haki yako, siwezi kukuzuia. Lakini ukimrudishia saa hizi, siku yao imekwisha hapo hapo. Mimi nilimleta mama yangu hapa mwaka jana. Mama yangu! Alicheza, Asteria. Alicheza ngoma pale uwanjani na watu asiowajua. Sikuwahi kumwona akicheza, toka nizaliwe. Sasa wewe fikiri mwenyewe kama unataka kumnyang'anya mtu kitu kama hicho kwa sababu umesikia baridi kifuani."

Ng'ambo ya maji, Bibi Mwanja alikuwa amesimama kwenye boya, mikono kiunoni, akimfokea Hango ashuke kwenye mtelezo kwa kichwa kama wanaume wa zamani.

*

Wakati wa chakula wageni walikula wamesimama kwenye meza ndefu, wakichekana, kuku na chipsi mikononi. Asteria alikwenda nyuma ya jengo la jikoni, mahali ambapo wabebaji wote walikwenda, akaketi chini kwenye saruji miguu imenyooka. Hakuwa na njaa. Alikuwa amechoka mno hata asiweze kutafuna.

Alisikia hatua za raba. Bibi Mwanja alikuwa amesimama mbele yake na sahani.

"Kula."

"Bibi, hairuhusiwi sisi na wageni..."

"Mimi sijakuuliza sheria, nimekuambia kula." Akaketi chini kando yake, wepesi kama msichana, akaitazama miguu yake mwenyewe kwa mshangao. "Ona! Nimekaa chini bila kushika ukuta." Kisha, bila kubadilisha sauti, "Umekijua, sivyo?"

Asteria alikizungusha kipande cha kuku mkononi. "Tangu lini, Bibi?"

"Tangu alizeti zilipochanua."

"Na binti yako anajua?"

"Ajue kwa nani? Nilikwenda zahanati peke yangu, nikamwambia nakwenda kwenye msiba. Wakanisikiliza kifua, wakakunja uso, wakaniambia nenda hospitali ya mkoa. Nikasema nitakwenda." Bibi alipangusa vumbi kwenye raba zake. "Sikwenda. Yule mtoto ana zamu mbili na watoto wawili. Nikimwambia, kesho anaacha moja ya zamu, keshokutwa anaacha kulala. Amenibeba vya kutosha."

"Lakini treni, Bibi. Ile treni inapinduka."

"Najua inapinduka. Ndiyo sababu yake ya kuwapo." Alicheka, kisha akaacha. "Mwanangu, Hango hajakaa karibu na mimi tangu aanze kuota ndevu. Nikipita sebuleni anainua miguu nipite, basi, hayo ndiyo mazungumzo yetu. Juzi ameniambia, Bibi, tupande wote. Ameniomba mwenyewe, kwa mdomo wake. Unajua maana ya jambo hilo kwa mtu kama mimi? Hiki kinachokuuma hapo, mimi nimeamka nacho kila siku kwa miezi. Leo nimeamka sina. Nipe leo tu. Kesho nakirudia, sitalalamika."

Sheria ilisema siri ya mgeni haitolewi kwa jamaa zake. Sheria hiyohiyo ilisema mbebaji ni mlinzi. Aliwahi kuziandika zote mbili kwenye mtihani, ukurasa mmoja, akapewa alama zote, na hakuna mwalimu aliyemuuliza afanye nini siku zitakapokutana uso kwa uso.

Bibi Mwanja alimpigapiga gotini, akainuka bila kushika kitu. "Ahsante, mwanangu. Maliza hiyo nyama."

Hakuwa ameahidiwa chochote. Lakini aliondoka kama aliyeahidiwa.

*

Alasiri ikawa ndefu. Walipanda gurudumu kubwa, bibi akawaonyesha kwa kidole ilipokuwa nyumba yao ya kwanza, mashamba ya alizeti, na zile feni kubwa za umeme wa upepo zilizosimama juu ya kilima kama mashahidi. Chini, Asteria aliegemea nguzo. Kisha ukuta wa Monika ukaporomoka, kama alivyotarajia. Magoti yakamlegea Asteria, macho yakataka kujifunga yenyewe. Mtoto mwenyewe alikuwa angali akikimbia kuzunguka sanamu ya twiga, uso umempauka, akicheka kicheko kilichokwisha kugeuka kuwa cha juu mno. Saa hii angekuwa amelala mgongoni mwa mama yake. Hapakuwa na kitu ndani yake cha kumwambia alale.

Asteria aliwatazama wote wanne kutoka nyuma. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii, hakuona watu wepesi. Aliona watu waliokuwa wakitembea bila kujua wako wapi ndani ya miili yao, na yeye peke yake ndiye aliyejua njia, naye alikuwa amefungwa mdomo.

Njia ya kwenda kwenye treni ilikuwa ngazi za mawe. Alizipanda akishika reli, akisimama, akishika tena. Baridi ya kifua cha bibi sasa ilikuwa imeshuka hadi mkononi, mpaka kwenye kidole kidogo. Taa ya bangili ikageuka rangi ya chungwa. Mbele yake, Bibi Mwanja aliruka ngazi mbili mbili.

Hapo ndipo alipokumbuka jambo ambalo lilikuwa mbele yake mchana kutwa.

Wabebaji hawapandi treni. Treni ilizunguka nyuma ya mwamba mkubwa, mbali, mahali ambapo bangili nyeusi haikuzifikia za kijivu. Kwa muda ule mfupi habari zote za mwili zilizuiwa ndani ya bangili ya mgeni mpaka arudi. Serikali ilikubali, kwa kuwa ni muda mfupi tu. Kwa muda huo mfupi, uchovu wa mgeni haukuwa wa mtu yeyote. Moyo wa Bibi Mwanja ungepinduliwa nyuma ya mwamba, ungepiga kelele zake zote, na duniani kote pasingekuwa na mtu mmoja wa kuusikia. Hata mwenyewe.

Behewa likaja. Hango akaingia, akasogea, akapiga kiti cha pembeni kwa kiganja. "Bibi, hapa. Karibu na mimi."

"Bibi," Asteria aliita.

Bibi Mwanja aligeuka. Aliiona mikono ya Asteria, mmoja ukiwa juu ya mduara wa chuma wa kurudishia uchovu, ulio pembeni ya bangili nyeusi, naye akaelewa mara moja.

"Usithubutu."

"Nataka ukisikie kwanza, Bibi. Ni chako. Ukishakisikia, ukitaka kupanda, panda, sitatia neno."

"Tulikubaliana, wewe!"

"Sikukubali, Bibi. Nilinyamaza tu."

"Kuna nini?" Leokadia aliuliza, akitazama huku na huku. "Mama, dada anasema nini?"

Machozi yalimlenga Asteria, na hakujua ni ya nani kati ya watu watano. Akauzungusha mduara.

*

Uchovu ulirudi polepole, kama bangili zilivyotengenezwa kuurudisha. Bibi Mwanja alisimama wima akimkazia macho ya hasira, midomo imefumbwa, kama mtu aliyeamua kwamba hatasikia. Kisha bega moja likashuka. Mkono wake ukanyooka pembeni, ukitafuta kitu cha kukalia, ukapapasa hewani. Palikuwa na maua tu.

"Mama!" Leokadia alimdaka. Hango alikuwa ameshatoka kwenye behewa kabla mtu hajamwita, akamshika upande wa pili. Wakamshusha chini kwenye jiwe pana lililokuwa bado na joto la jua, Leokadia akaivua ile khanga aliyojifunga kiunoni akaitandika, akamlaza mama yake ameegemea kifuani pake.

"Pole, Mama. Pole. Pole sana."

Asteria alishtuka kulisikia neno lile. Nje ya geti watu walipeana pole toka asubuhi hadi jioni, pole na kazi, pole na jua, pole na safari. Humu ndani lilikuwa limekufa, kwa kukosa mtu wa kuambiwa.

"Kaka Salva," alisema kwenye kidude cha sikioni, "niletee huduma ya kwanza kwenye kituo cha treni. Sasa hivi. Moyo."

"Umeniibia," Bibi Mwanja alimwambia, akihema. "Umeniibia siku yangu."

"Ndiyo, Bibi."

"Ningefika chini salama."

"Pengine, Bibi. Mimi nisingejua. Na wewe pia usingejua."

Bibi alifumba macho. Mkono wake ulipanda wenyewe hadi kifuani na kukaa pale, na Leokadia akauona ulipokaa. Akaukazia macho kwa muda.

"Tangu lini?" aliuliza. Hakumuuliza Asteria.

"Leokadia, mwanangu, leo ni siku ya..."

"Mama. Tangu lini?"

"Tangu alizeti zilipochanua."

Leokadia hakulia wala hakufoka. Aliweka kidevu chake juu ya kitambaa cha kichwa cha mama yake, akabaki hivyo. "Ule msiba," alisema baadaye. "Ule msiba wa Ilongero. Nilikuuliza nani amekufa ukaniambia simjui."

"Sikutaka kumuua mtu unayemjua."

Leokadia akacheka, kicheko kikamvunjikia katikati. Honi ya treni ikalia. Watu waliokuwa nyuma yao kwenye foleni walizunguka lile jiwe, wakawapita, wakajaza behewa lao. Mmoja aliuliza kwa nini wamekaa pale chini.

Hango alikaa karibu na bibi yake, bega kwa bega, akitazama raba zake miguuni kwa bibi.

"Fupi yenyewe, Bibi," alisema. "Inazunguka mara moja tu, imeisha. Watu wanapanga foleni mpaka wanaota mizizi."

"Lakini ningepiga kelele."

"Si ulisema hutapiga?"

"Nilikuwa najidai. Ningepiga sana."

Hango alifikiri. "Piga hapa hapa."

Treni ikapita juu yao ikinguruma, watu wameinua mikono. Bibi Mwanja akafungua kinywa, akatoa kelele ndogo, nyembamba, ya kujaribu: "Yuuuu!" Monika akadakia kwa nguvu zake zote. Hango akavua kofia, akapiga yake. Na yule mhudumu aliyekuwa akipiga picha ya mabehewa aligeuza kamera kuwatazama, hakupiga, akaishusha.

Kelele zilipokwisha, Leokadia aliinua kichwa akamwona Asteria, kana kwamba msichana huyo ndiyo kwanza anafika. Alikuwa ameishikilia reli kwa mikono miwili, midomo imemkauka.

"Na wewe pole, dada," Leokadia alisema. "Pole na kutubeba."

Katika kazi ile yote hakuna aliyewahi kumwambia Asteria neno hilo.

"Nipe na uchovu wangu," Leokadia akaongeza.

"Dada, bado mna jioni nzima, na gari la..."

"Nitamwuguza Mama usiku huu. Nataka nijue nina nguvu kiasi gani. Nipe. Na wa watoto pia."

Mduara ukazunguka. Leokadia aliupokea wake akiwa ametazama mbele, na mabega yake yakashuka kidogo kidogo, kama mtu anayeshusha ndoo. "Ee Mungu wangu," alinong'ona. "Huu wote nilikuja nao?"

"Ulikuja nao."

"Na natembea nao kila siku?"

Asteria aliitikia kwa kichwa. Monika, aliyekuwa akieleza kwa kirefu jinsi twiga anavyolala, alisinzia katikati ya sentensi, akaangukia paja la bibi yake. Hango alipiga mwayo mpaka machozi yakamtoka, akasema eti hakujua kama ana usingizi, akaegemeza kichwa begani kwa Bibi Mwanja. Bibi akaacha kichwa kile kikae. Hakukigusa, kama mtu anayeogopa kumfukuza ndege.

Kilichobaki kwa Asteria kilikuwa chake mwenyewe. Kilikuwa kidogo, na alikifurahia.

"Asteria," Salvatory aliita sikioni. "Huduma ya kwanza wapo njiani, gari linakuja kwa nyuma. Lakini naona hapa wote wanne wamekaa chini. Wote! Bangili zote zimezimwa. Wana nini?"

"Wamechoka, Kaka Salva."

Kivuli cha mwamba kilikuwa kimeanza kulifikia lile jiwe.

"Bibi anahitaji kiti," Asteria akaongeza. "Jiwe litapoa sasa hivi."

"Kiti nitakitoa wapi? Unajua kabisa hatuna kiti bustani nzima."

"Chako kipo."

Gari la huduma ya kwanza lilikuwa bado likipiga kona chini ya kilima walipomwona Salvatory. Alikuwa akipanda zile ngazi za mawe kwa miguu, kalamu sikioni, na kiti cha ofisini amekibeba kichwani, magurudumu yake matano yakizunguka hewani. Hakuwa na bangili yoyote. Alipofika juu alikuwa akihema kama mvukuto, jasho likimtiririka shingoni, na alikuwa amejiandaa kusema jambo kali kwa Asteria.

Bibi Mwanja, macho yamefumbwa, mjukuu begani na mwingine pajani, aliisikia pumzi ile.

"Pole, mwanangu," alisema. "Hebu kalia hicho kiti kwanza, upumzike. Mimi nipo."